Kabla ya Kuteremka Tambach: Breki za Kombi Kuukuu

Leo tukae na breki. Najua wapo watakaosema, breki nazo zina mazungumzo gani, ukikanyaga gari linasimama, yamekwisha. Wewe unayesema hivyo nivumilie kidogo, hasa kama una ile kombi ya zamani ya Volkswagen nyuma ya nyumba, ya baba au ya babu, ambayo siku hizi umeanza kuitazama kwa jicho jingine. Umeona watu wamelala ndani ya magari yao kando ya Ziwa Baringo, kitanda kimetandikwa, jiko la gesi linawaka, pazia dirishani, ukajiambia kumbe hata yangu yaweza.

Yaweza. Ila kumbuka unakaa wapi. Eldoret iko juu, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na sehemu nyingi nzuri za kupigia kambi ziko chini yetu. Chukua safari hiyo hiyo ya Baringo. Unatoka mjini kuelekea Iten, barabara inapanda polepole hadi karibu mita 2,400, unafika pale ukingoni ambapo wageni husimama kutazama bonde, halafu ardhi inakatika. Barabara inajikunja kupitia Tambach, inashuka Biretwo mpaka Mto Kerio, na hapo uko zaidi ya mita 1,000 chini ya mahali ulipokunywa chai. Unavuka Chebloch, unapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, na ukishapita Kabarnet unateremka mara ya pili hadi Marigat, ambako joto linakupokea kabla hujafungua mlango. Miteremko miwili mikubwa katika safari moja. Ukisema uende zako Nairobi, utapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na kutoka Mau Summit utashuka Sachangwan, Migaa, Salgaa. Majina hayo matatu hayahitaji maelezo kwa mtu wa hapa.

Kombi ya kwanza ilitoka kiwandani Ujerumani mwezi Machi 1950, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ilikuwa tayari inaifunga vitanda na makabati. Sisi Kenya tuliizoea zaidi kama gari la watalii, paa lililoinuka, milia ya pundamilia ubavuni, mpaka magari ya Kijapani yalipokuja na kuisukuma kando. Ujerumani iliacha kuunda ile ya kizazi cha pili mwaka 1979. Brazil wao waliendelea kuiunda hadi Desemba 2013, na kilichoizika kule ni sheria: kuanzia 2014 kila gari jipya lilitakiwa kuwa na mifuko ya hewa na breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, na kombi haikuwa na nafasi ya vitu hivyo. Gari lililoishi zaidi ya miaka 60 likauawa kwa sehemu na habari za breki. Mimi naona haki ilitendeka, ingawa najua kuna wazee wa gereji watanikasirikia.

Hapa kwetu kombi ni zile zile. Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane ina maana kwamba mtu wa kawaida haendi kuagiza ya mwaka 1972 kutoka ng'ambo. Unanunua iliyokuwapo, na iliyokuwapo imepita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja na spea aliyoipata siku ile. Kwa hiyo unapouliza kombi yangu ina breki gani, usijibu kwa kutazama kitabu cha gari. Piga jeki, fungua gurudumu, tazama.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Mwenye kombi akipata pesa, cha kwanza kubadilisha ni injini. Namwelewa. Injini asili ya cc 1,600 ina nguvu za farasi karibu 50, na kwa hewa yetu nyembamba hapa juu karibu sehemu moja ya tano ya nguvu hizo inapotea kabla hujatia gia. Ukirudi kutoka Kerio umebeba familia, unapanda kwa gia ya pili huku lori za mchanga zikikupita na makondakta wakikupungia mkono. Basi mtu anatafuta injini ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala kama za kombi yenyewe na ndiyo maana inaingia pale nyuma bila vita kubwa, anapata nguvu mara mbili au zaidi, anaongeza rimu za kung'aa, anafunga hema juu ya paa. Breki anaambiwa zitangoja mwisho wa mwezi. Gari sasa linakwenda kasi ambayo waliolichora hawakuiwazia, lina uzito ambao hawakuuwazia, na lina breki za mwaka ule ule. Ninachotaka kusema leo ni kwamba mpango huo umepinduliwa, na kwa sisi wa Uasin Gishu umepinduliwa vibaya kuliko kwa mtu wa Malindi.

Breki hufanya kazi moja: inaugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo inalitupa hewani. Mtu wa Malindi anasimama mbele ya matuta, breki zake zinapata joto kidogo, zinapoa, anaendelea. Wewe wa Eldoret unazishika breki mfululizo kwa kilomita nyingi. Hebu tupige hesabu ya haraka. Kombi iliyofungwa makabati, yenye tangi la maji, mtungi wa gesi, tairi la akiba na watu wanne, inakaribia tani mbili. Ishushe mita 1,200 bila kuiacha iongeze kasi. Nishati ambayo lazima iende mahali inatosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji ya mfereji, karibu madumu manne ya lita 20. Ni kweli injini ikiwa kwenye gia ndogo inakula sehemu yake, na upepo unakula yake. Lakini ukiteremka kwa gia ya nne, mguu umelala kwenye pedali kutoka Iten hadi Biretwo, maji yote hayo unayachemshia ndani ya magurudumu.

Kinachofuata kinategemea una breki gani. Dramu ikipata moto inatanuka, na inatanuka kwenda nje, mbali na shuu zinazotakiwa kuibana. Mguu unafuata chini zaidi. Shuu nazo zikiungua uso wake unakuwa laini na kung'aa, haung'ati tena. Wakati huo huo joto linaingia kwenye silinda za magurudumu na kuyafikia mafuta ya breki, na yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayashindiliki, mvuke unashindilika. Pedali inazama mpaka sakafuni na gari halina habari. Linalotisha ni kwamba hukupewa onyo la maana. Kona tatu nyuma kila kitu kilikuwa sawa.

Hapa kwetu jambo hili lisiwe gumu kulielewa. Mwulize mwanariadha yeyote wa Iten ni wapi mapaja yanapoharibika, mlimani au mteremkoni. Atakwambia mteremkoni, kwa sababu pale msuli unafanya kazi ya kuzuia huku unavutwa. Ndiyo maana kwenye lile zoezi maarufu la Fluorspar wanariadha hupanda kilomita 21 kutoka Kimwarer hadi Nyaru kwa miguu. Kushuka wanashuka kwa gari.

Na kabla sijaingia kwenye vyuma, nirudi nyuma kidogo, kwani uwanda huu uliwahi kupokea nyumba za magurudumu kabla ya kombi. Mwaka 1908 kundi la Makaburu likiongozwa na Jansen van Rensburg lilitoka Nakuru na magari ya kukokotwa na ng'ombe, likapanda kwenye misitu na matope hadi Uasin Gishu, wakati ambapo mji wa Eldoret haukuwapo bado. Watu walipika na kulala humo. Magari ya aina hiyo yalikuwa na magogo ya mbao yaliyobanwa kwenye magurudumu ya nyuma kwa skrubu ndefu, na kwa mteremko mkali kulikuwa na kiatu cha chuma chenye mnyororo, kinachowekwa chini ya gurudumu ili liburuzwe badala ya kuzunguka. Palipozidi, mti ulikatwa ukafungwa nyuma. Zingatia kwamba kiatu kile huwezi kukiweka katikati ya mteremko. Unasimama juu, unakiweka, ndipo unashuka. Dereva wa kombi naye achague gia akiwa bado Iten, kabla ya kona ya kwanza. Gia ile ile ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia. Ikiwa ulipanda kwa ya pili, shuka kwa ya pili, na anayekupigia honi nyuma mpishe palipo na nafasi.

Haya, tuingie chini ya gari. Kombi zilizoundwa kabla ya modeli ya 1967 zina dramu kote, na breki zote nne ziko kwenye mfumo mmoja wa mafuta. Bomba moja likipasuka, silinda moja ikivuja, huna breki hata moja. Una handibreki na dua. Kuanzia modeli ya 1967 mfumo uligawanywa mara mbili, mbele kwake na nyuma kwake, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Diski za mbele zilikuja na modeli ya 1971, ile iliyotoka kiwandani kuanzia Agosti 1970. Nyuma zilibaki dramu, na si ubahili.

Kama yako ni ya mfumo mmoja, uboreshaji wa kwanza ni huo: masta silinda ya vyumba viwili na bomba zake mpya. Usiniambie habari za diski kabla ya hapo. Gari lenye diski nzuri kwenye mfumo mmoja bado linaning'inia kwa bomba moja, na bomba lenyewe pengine limekula kutu tangu enzi za Mzee Kenyatta.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo haina sifa wala huwezi kuipiga picha, nayo ni kurudisha kilichopo kwenye hali yake. Breki za dramu za kombi hazijikazi zenyewe. Shuu zikiliwa, pengo linakua, na fundi anatakiwa kuingiza bisibisi kwenye tundu na kuzungusha vijino mpaka shuu iguse kidogo. Nimeona kombi ambazo wenyewe wamekuwa wakipampu pedali mara mbili kabla ya kila kona, wakidhani ndivyo gari lilivyozaliwa. Mipira ya breki, ile hosi fupi kwenye kila gurudumu, nayo huzeeka kutoka ndani. Inavimba, tundu linaziba, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, gurudumu linabaki limebanwa na kunuka. Nje hosi inaonekana salama kabisa. Dramu zenyewe zimepelekwa kwa fundi wa kuchonga mara ngapi? Kila ikichongwa inapungua unene, na chuma chembamba hupata moto haraka na kutanuka zaidi. Kuna kipimo ambacho ikikipita inatupwa, hata kama fundi anasema bado iko na maisha. Halafu, tafadhali, vumbi la ndani ya dramu ya zamani usilipulize kwa kompresa. Shuu za miaka ile zilikuwa na asbesto. Lowesha, pangusa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Mafuta ya breki ndiyo uboreshaji wa bei nafuu kuliko wote, na ndiyo yanayopuuzwa kuliko vyote. Yanafyonza maji kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205, ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikiwa imechoka. Kwa Tambach weka DOT 4, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama gari lilikaa tu. Chupa iliyokuwa wazi kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana ikatae. Na akitoa hewa kwenye breki, fundi asikusanye yale mafuta meusi kwenye chupa ya soda halafu ayamimine tena juu. Nalisema hili kwa sababu linafanyika mchana kweupe. Mtu akikosa kabisa akaongeza oili ya injini, mipira yote ya ndani itavimba na utabadilisha kila kitu kuanzia masta silinda.

Ukimaliza hayo, ndipo uzungumze diski za mbele. Hapo mimi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Diski iko wazi, upepo unaipuliza, na ikitanuka kwa moto haikimbii pedi. Ukipita kwenye maji inakauka mara moja, wakati dramu inabeba maji yake kwa kilomita nzima. Kombi ya dramu mbele ina silinda mbili kwa kila gurudumu, mpangilio unaofanya shuu zijivute zenyewe kwenye dramu gari likienda mbele, na kwa hilo waliolichora wanastahili pongezi. Lakini gari likirudi nyuma msaada huo haupo. Sasa fikiria injini imezimika ukiwa unapanda kurudi Iten, kombi imejaa, inaanza kurudi. Diski haijali upande gani unakwenda.

Kwa nini basi nyuma tuache dramu? Kwa sababu ya handibreki. Kombi ya kulalia inaegeshwa penye mwinuko usiku kucha, watoto ndani, na dramu iliyokazwa vizuri inashika kwa kamba tu. Wengi wanaobadilisha zote nne huishia na handibreki dhaifu, au hawana kabisa. Sababu ya pili ni mizani. Ukikanyaga breki uzito unakwenda mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na ikiwa breki za nyuma zina nguvu kupita kiasi magurudumu ya nyuma yatajifunga kwanza. Kwenye udongo mwekundu wa Kaptagat mwezi wa nne, kombi yenye injini nyuma ikijifunga magurudumu ya nyuma inageuka ikakutazamisha ulikotoka. Sikushauri.

Diski ina masharti yake, na hapa ndipo kazi ya haraka inapoua. Kalipa inahitaji mafuta mengi kuliko silinda za dramu, kwa hiyo masta silinda iwe ya kipimo kinacholingana. Ikiwa ndogo, pedali itakwenda mbali. Ikiwa kubwa mno, itakuwa ngumu na utakanyaga kwa miguu miwili. Kwenye mifumo ya dramu mara nyingi kuna vali ndogo inayobakiza shinikizo kwenye bomba. Ukiiacha upande wa diski, pedi zitabaki zimegusa safari nzima na utafika Biretwo moshi ukitoka. Kisha nati za magurudumu. Kombi za kabla ya 1971 matundu yake yamepangwa kwenye duara la milimita 205, na zilizofuata ni 112. Habu za vipindi hivyo viwili hazibadilishani rimu. Ama upate vifaa vinavyofuata mpangilio wako wa zamani, ama ubebe mfumo mzima wa kuanzia 1971 pamoja na rimu zake. Mtu akikuambia atatoboa matundu mapya kwa makadirio ya jicho, mshukuru, mlipe chai yake, ondoka. Kulehemu mabano ya kalipa kutoka gari jingine lililokatwa ni vivyo hivyo. Mafundi wetu wa jua kali nawavulia kofia kwa mambo mengi, lakini bano la breki linataka kipimo, na chuma kinachojulikana ni chuma gani.

Spea zenyewe nyingi tunazipata kutoka Afrika Kusini, na kuna sababu. Waliunda kombi kule miaka mingi; ile ya kizazi cha tatu waliiunda hadi 2002, na usukani uko kulia kama wetu. Spea za bandia nazo zipo, na pedi bandia haionekani kwa macho. Inajulikana Tambach.

Swali ninaloulizwa sana ni la sabu, ile servo inayosaidia mguu. Watu wanaidhani ni breki. Sabu haiongezi uwezo wa diski kutupa joto hata chembe. Inakupunguzia tu nguvu za kukanyaga. Halafu sikiliza hili, kwani linatuhusu sisi kuliko wa pwani. Sabu inafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje inayosukuma na ombwe linalotengenezwa na injini. Hewa ya nje hapa Eldoret ina shinikizo dogo kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 22. Kwa hiyo sabu ile ile inayosaidia vizuri Likoni inasaidia kwa uchache hapa, na Timboroa kwa uchache zaidi. Ukinunua sabu baada ya kujaribu kombi ya mtu kule pwani, pedali laini, ukafurahi, usishangae huku. Na kwa kuwa injini ya kombi iko nyuma, bomba la ombwe linapita urefu wote wa gari chini ya sakafu. Likipata tundu dogo, sabu inalegea bila kukuambia. Mimi ningeiweka mwisho kabisa.

Jambo hilo la sabu linanileta kwenye tabia ambayo kila dereva wa barabara ya Nakuru anaijua. Kuachia gari frii. Lori linafika juu ya Sachangwan, dereva anatoa gia, anaokoa dizeli, mshahara mdogo, diski na dramu zinabaki peke yao na tani zote zile. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 pale Migaa basi na lori viligongana na watu 36 wakafa, na baada ya hapo ukajengwa ukuta wa zege kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Sisemi ajali ile ilitokana na gia wala breki. Nasema ni mteremko ule ule, na wewe utaushuka na kombi. Ukitoa gia injini haikushikii tena, na injini ikizimika sabu inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha inakuachia uzito wote.

Kuna hoja moja ya wazee naiheshimu. Wanasema, mbona Volkswagen ilishinda Safari Rally? Ni kweli. Ile ya kwanza kabisa ya 1953 ilichukuliwa na Volkswagen, tena 1954, tena 1957, tena 1962, na zote zilikuwa zile ndogo tunazoziita kobe, zenye dramu. Lakini kobe ile ilikuwa nyepesi, chini ya nusu ya kombi yako iliyojaa masufuria, na dereva wa mashindano alitumia gia kama mtu anayezilipia. Halafu hakuwa na mama mkwe kiti cha nyuma akimwuliza mbona tunakwenda polepole.

Kazi ikiisha usiende moja kwa moja bondeni. Pedi na shuu mpya zinahitaji kuzoeana na chuma. Tafuta barabara iliyonyooka, mapema asubuhi, kanyaga kwa kiasi kutoka mwendo wa kati, achia, acha ipoe, rudia. Tazama kama gari linavuta upande mmoja. Kisha lipeleke likapimwe kwenye mashine ya ukaguzi, ile ya kuzungusha magurudumu, kwa kuwa inakuonyesha kushoto na kulia vinatofautianaje, jambo ambalo mguu haulijui. Na kama ulibadilisha injini, peleka habari hiyo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iandikwe, na mwenye bima yako aambiwe. Siku ya msiba hakuna anayekubali hadithi ya mdomo.

Safari ya kwanza, shuka Tambach na simama Chebloch. Kuna vijana wanaopiga mbizi pale korongoni, utapata cha kutazama. Usiguse dramu kwa mkono, sogeza tu kiganja karibu na kila gurudumu ulinganishe joto. Moja likiwa na moto kuliko pacha wake wa upande wa pili, pale kuna kitu kimebana. Maji usimwage, chuma cha moto chaweza kupasuka. Handibreki usiivute kwa nguvu kwenye dramu zenye moto, maana zikipoa zinajibana na kukwama. Tia gia ya kwanza, weka jiwe mbele ya tairi, upande wa mteremko. Na unapoondoka, msikilizaji, teremka uliondoe hilo jiwe barabarani. Anayekuja nyuma yako naye anashuka, na breki zake huzijui.